Aproni ya Karani

Kikundi cha Mbuzi, Mlimani
2 Machi

Mwanangu Daktari,

Marahaba yako nakupa mapema kabisa, maana najua ukisoma barua hii utaona haya kuniamkia. Jumamosi ya mwisho wa Februari tulikungoja pale josho la zamani tangu asubuhi. Tulikuwa wanane, tuna kamba mpya, tuna ndoo ya maji kwa ajili ya beberu Karani. Saa nane mchana maji tukayanywa wenyewe, tukarudi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu wewe ndiye uliyesema maneno ya simu hayana tarehe. Na pia huku juu simu ni ya kusikilizia muziki tu.

Sikulaumu, nakukumbusha tulivyokubaliana. Beberu wetu wa zamani tulimhasi mwezi wa kumi na mbili kama ulivyotuelekeza, kwa kuwa nusu ya majike wetu ni watoto wake. Mzee wa watu sasa kazi yake ni kunenepa na kutazama ukuta. Kwa hiyo hapa Mlimani hakuna dume hata mmoja, na majike kumi na mmoja wanamngoja Karani. Karani alianza kazi kwenu Aprili, watoto wake wa kwanza walizaliwa Septemba, na wewe mwenyewe ulituandikia kwa wino mwekundu kwamba dume aondoke kabla binti zake hawajafika miezi mitano, kwani yeye hatajua kuwa ni binti zake. Hesabu yangu inasema miezi hiyo imetimia.

Ujue kwa nini nahesabu siku. Mjukuu wangu akinywa maziwa ya ng'ombe anatoka vipele mwili mzima. Anakunywa ya mbuzi, na mbuzi ninayemkamua anaelekea kukauka. Asipopandwa sasa, mtoto hana maziwa hadi Mungu ajue lini.

Niambie ni Jumamosi ipi. Dereva wa lori la maziwa ni mgeni kwenye njia hii, lakini barua hapotezi.

Katibu wa Mlimani

*

Bondeni
9 Machi
(Barua hii haikutumwa.)

Mama Katibu,

Barua yako ilikuja kwa binti yangu, nikaifungua mimi. Mimi ni baba yake, fundi cherehani. Huyo mnayemwita Daktari alifariki tarehe 19 Januari. Ilikuwa homa, siku nne. Siku ya tatu alikuwa bado ananielekeza kiasi cha dawa ya minyoo cha kumpa jike wetu Madoa. Siku ya nne hakuelekeza kitu. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Najua zamu ni yenu. Daftari lake linasema hivyo na mimi nimelisoma.

Karani aliletwa hapa kutoka shamba la chuo chake akiwa na umri wa siku mbili, mama yake amekufa. Alimlea kwa chupa dukani kwangu, chini ya meza ya kukatia nguo. Alikuwa akitoka huko chini na nyuzi kwenye ndevu, anakagua wateja mmoja mmoja, ndiyo maana akaitwa Karani. Hadi leo, saa moja asubuhi, wakati ambao binti yangu alikuwa akitoka na beseni la pumba, anakwenda kusimama mbele ya mlango wa chumba chake. Anasimama kama robo saa. Halafu anaondoka kwenda kula. Sisi wengine hapa nyumbani tumeshaacha kumngoja. Amebaki yeye.

Kuna neno watu wanalitanguliza mbele ya jina la mtu. Nimejaribu kuliandika kwenye karatasi nyingine, nikaishia herufi ya kwanza.

*

Bondeni
10 Machi

Mama Katibu,

Barua yako imefika. Mwenyewe hayupo, naandika mimi baba yake. Karani ana kidonda kati ya kwato, mguu wa mbele wa kulia, hawezi kupanda mlima. Akipona nitawaarifu.

Mniwie radhi kwa kungoja kwenu.

Kwa niaba ya Daktari,
Baba yake, fundi cherehani

*

Mlimani
18 Machi

Baba Daktari,

Nimefurahi kukufahamu, hata kama aliyetukutanisha ni kidonda. Dereva nimempa mrututu kidogo, ule unga wa bluu wa kutibu kwato, umefungwa kwenye karatasi mbili. Zikate kwanza kwato zilizozidi, usafishe katikati hadi uone nyama nyekundu, kisha uchanganye mrututu na maji kwenye karai, Karani asimame humo dakika tano asubuhi na jioni. Asiyanywe, ni sumu. Na mlaze mahali pakavu, maana ugonjwa huo unapenda matope kuliko nguruwe. Ila naona najifanya kufundisha nyumbani kwa mwalimu.

Huyo binti yako yuko wapi hasa? Kama ni semina, sawa. Kama ni mchumba, mwambie asitufiche, sisi ni ndugu zake wa upande wa mbuzi na tuna haki ya kumkagua bwana harusi meno. Mwaka jana alipolala kwangu siku mbili aliwaamrisha wanaume wazima wanne walale chini ya mbuzi kuhesabu chuchu. Mmoja wao alikuwa mwenyekiti wetu. Akahesabu, akasema tatu. Binti yako akamwambia, "Hesabu tena, mwenyekiti, hiyo ya tatu ni pua yako." Hadi leo mkutano ukichacha kuna mtu anagusa pua, tunacheka, tunaendelea.

Jambo moja zito. Maadamu Karani yuko hapo na binti zake wanaingia mwezi wa sita, asikae hata saa moja bila ile aproni aliyotuchorea Daktari. Turubai refu, lifungwe kifuani na kiunoni, lining'inie chini ya tumbo, ili hata akimparamia jike asimfikie. Jike mchanga wa umri huo akipata mimba ni hatari, na ya baba yake ni hatari mara mbili. Haya ni maneno ya mwanao, mimi nayabeba tu.

Msalimie sana.

Katibu wa Mlimani

*

Bondeni
2 Aprili

Mama Katibu,

Mrututu umefika, ahsante. Kidonda kinapungua.

Aproni anavaa. Ile ya turubai ilichanika kwenye uzio tarehe 25 Machi. Turubai sikuwa nalo. Kulikuwa na koti lake la kazi, la kijani, kwenye msumari nyuma ya mlango. Nimelikata. Ni drili nzuri, kile kitambaa kigumu cha nguo za kazi, haichujui. Imetosha isipokuwa urefu, nikapunguza kama shibiri moja. Ile ya zamani ilikuwa inaburuta kwenye kinyesi na kunasa miiba, kwa kweli haikuwa kazi ya kutoka kwenye nyumba ya fundi. Hii imemkaa. Pindo nimelipiga mara mbili. Mama yake Daktari hafiki bandani siku hizi, lakini alichungulia kutoka jikoni akasema mbuzi anashonewa na yeye gauni lake lina mwaka mezani.

Binti yangu akiwa na miaka saba aliniuliza kwa nini mbuzi hana meno ya juu mbele. Nilikuwa na kazi ya haraka, nikamwambia yaling'oka kwa sababu ya kusema uongo. Akakaa wiki nzima bila kusema uongo hata mdogo. Halafu akaja dukani akaniambia amewachungulia mbuzi wote wa majirani na hakuna aliye nayo, kwa hiyo ama mbuzi wote ni waongo au ni mimi.

Sijui kwa nini nakuandikia hili. Lilinijia nikiwa nakata lile koti.

Fundi

*

Mlimani
24 Aprili

Kwa Daktari mwenyewe, si kwa baba yako.

Barua za baba yako nimezisoma mara tatu na sasa nimeelewa. Koti la kazi la mtu halikatwi kama mwenyewe bado ana kazi. Umeolewa, au umepata pako mjini, na huku nyuma umetuachia sisi wazee tuandikiane habari za kwato. Ungesema tu. Tungepiga vigelegele, halafu tungekudai mbuzi wetu.

Na kidonda chenyewe hakipo. Dereva amemwona Karani wiki iliyopita amesimama kwa miguu miwili ya nyuma anakula ua wa jirani yenu. Nilimuuliza ni mguu gani wa mbele aliouona mbovu. Akasema, "Mama, yule mbuzi ukimpa ufunguo ataendesha lori."

Majike wetu wamekuja joto mara tatu sasa, kila baada ya wiki tatu. Wanalia kutwa, wanatikisa mikia, wanaparamiana wenyewe kwa wenyewe, kisha wananyamaza, kisha wanaanza upya. Wanachama wawili wanataka tununue beberu mnadani. Nani alitufundisha kwamba beberu wa mnadani hujui alikotoka, kwamba anaweza kuja na ugonjwa wa kutupa mimba, na ukishaingia zizini unampata hata mtu anayekunywa maziwa mabichi? Ni wewe. Nimewazuia kwa maneno yako. Sijui nitawazuia hadi lini kwa maneno ya mtu asiyetimiza yake.

Ulitufanya tutie saini kwenye karatasi ya makubaliano, mwanangu. Yangu ilikuwa ya kwanza.

Katibu wa Mlimani

*

Bondeni
30 Aprili

Mama Katibu,

Si kosa lake. Kidonda nilikibuni mimi.

Jumamosi ya tarehe 11 Mei nitamleta pale josho la zamani.

Fundi

*

Mlimani
13 Mei

Baba Daktari,

Jumamosi tulikuwa pale josho, na ile kamba. Wewe hukuja. Lililokuja ni lori. Dereva akalizima, akashuka, jambo ambalo huwa halifanyi, akavua kofia. Alikuwa ameambiwa asubuhi ile na yule bwana anayepima maziwa kituoni kwenu.

Kumbe tangu Januari. Nilipokuwa nauliza habari za mchumba alikuwa ameshaondoka miezi miwili.

Sikuandikii maneno ya pole. Utakuwa umepewa mengi na umeshayaweka mahali. Nakuomba jambo moja tu: ile barua yangu ya Aprili ichome. Usiisome tena. Naiona kila nikishika kalamu.

Kuhusu Karani, kaa naye. Tulikubaliana pale pale, wote wanane, hakuna aliyepinga, na mwenyekiti ndiye aliyefunga kamba akaitia mfukoni. Kikundi kinaendelea vizuri. Mjukuu wangu nimempatia maziwa kwingine, kwa hiyo lisikusumbue hilo.

Katibu

*

Bondeni
2 Juni

Mama Katibu,

Ile Jumamosi nilitoka naye. Nilimfunga kamba, tukafika hadi darajani. Pale akageuka akatazama nyumbani. Sikumvuta. Nilikaa kwenye ukingo wa daraja na yeye akala majani ya pale, na saa ilipopita tukarudi. Mama yake alikuwa ameanika nguo. Alituona tunaingia, akasogeza shuka ili tupite.

Barua yako ya Aprili sikuichoma. Ndiyo ya mwisho iliyokuja kwa jina lake. Na humo ndani yuko mjini, ameolewa, ana pake. Naisoma siku nyingine nikifunga duka.

Mwambie mwenyekiti ahsante kwa kamba.

Fundi

*

Bondeni
5 Septemba

Mama Katibu,

Barua hii ni ndefu kidogo, na nimeiandika mara moja tu.

Tuna jike anaitwa Sindano, mtoto wa Karani, wa tarehe 28 Septemba mwaka jana. Alizaliwa mdhaifu, binti yangu akamchoma sindano saa ileile, ndiyo jina. Mwezi wa Julai nilimwona tumbo. Nilijiambia ni majani. Mwezi wa Agosti kiwele kikajaa, majani hayajazi kiwele. Nilijua na sikusema na mtu.

Tarehe 2, saa nne asubuhi, alianza kusukuma. Nilifungua daftari. Limeandikwa kwamba ikipita nusu saa ya kusukuma na hakuna kitu, kata kucha, osha mikono kwa sabuni hadi kiwiko, tazama kwa upole. Nina vidole vyembamba, ni vya kazi yangu. Nilikuta kichwa na mguu mmoja, mguu wa pili umekunjika kwa nyuma. Nikaurudisha kichwa ndani kidogo, nikaziba ukwato kwa kiganja ili usichane, nikaukunjua kama mtu anavyogeuza mkono wa shati. Mama yake Daktari alikuwa amemshika Sindano kichwa. Sikumwita. Niligeuka nikamkuta yuko pale, na hajaingia bandani tangu Januari.

Akatoka mwanambuzi jike, hai. Lakini taya la chini lilikuwa fupi kwa upana wa kidole, na ulimi unatokea pembeni. Chuchu hakuweza kuishika. Tulimkamua Sindano dang'a, yale maziwa ya kwanza, tukampa mtoto kwa chupa, ile ile ya Karani, ilikuwa bado juu ya kabati la nyuzi. Mengi yalitoka puani. Aliishi siku mbili. Sindano amesalimika, amekonda tu, na anamtafuta.

Daftari lina ukurasa wa kuhesabu kurudi nyuma. Siku mia moja na hamsini kutoka tarehe 2 Septemba ni tarehe 5 Aprili. Aproni ya koti nilikuwa nimemvisha siku kumi na moja kabla.

Nilimvua Karani, nikaiweka mezani, nikaipima. Mchoro wake unasema inchi ishirini na mbili kushuka. Yangu ni kumi na nne. Chini ya mchoro ameandika kwa penseli: Baba, iache ipwaye. Mchoro huo nimekuwa nao mwaka mzima. Niliutazama kama fundi anavyotazama mchoro, nikaona nguo iliyokaa vibaya. Maandishi sikuyasoma.

Alijua nitaipunguza. Alinijua kabla sijaishika.

Siku hiyohiyo dereva alikuja kupunguza suruali. Nikamuuliza habari za kwenu, naye hana breki ya mdomo. Kanieleza kwamba mmebaki watano. Na kwamba mjukuu wako anakunywa chai ya rangi, na akipewa maziwa ya ng'ombe anajikuna hadi damu. Uliniandikia umempatia kwingine.

Nilimsomea mama yake Daktari barua yako ile na kumweleza ya dereva. Alikuwa anaosha ile chupa. Akaiweka chini akasema, "Yule pale nje ni mbuzi. Na yule mlimani ni mtoto wa watu." Kisha akaendelea kuosha.

Jumamosi tarehe 7 nitakuwa pale josho. Huenda barua hii nikaiwahi mwenyewe. Mkiniona nimesimama, njooni mmchukue mkononi mwangu. Msingoje nimtoe.

Fundi

*

Mlimani
9 Septemba

Baba Daktari,

Karani amelala salama na ameamka salama. Najua ulitaka kuuliza pale josho na hukuuliza.

Nilivuta kamba na wewe ulikuwa bado umeishika. Nikavuta tena. Mwenyekiti aligeuka akaanza kutueleza habari za mawingu, na hakukuwa na wingu hata moja. Naye ana ubinadamu wake, na pua yake.

Jana tulimpumzisha na kumpa maji, leo ameanza kazi. Kabla ya kuanza alizunguka zizi zima, akanusa kila jike, akainua mdomo wa juu, akafikiri, akaenda kwa mwingine. Tulisimama wima kama watu walioitwa ofisini. Ile aproni ya kijani nimempa dereva akurudishie. Huku hana binti, haihitaji.

Nimeiandika tarehe ya leo kwenye daftari letu.

Katibu

*

Mlimani
20 Februari

Baba Daktari,

Taarifa, kwa mpangilio wa mwanao. Majike waliopandwa, tisa. Waliozaa hadi leo, saba, wa kwanza alizaa tarehe 12. Wanambuzi kumi na mmoja: majike sita, madume watano. Waliokufa, mmoja, alilaliwa na mama yake. Kitovu wote kimepakwa dawa, dang'a wote wamenyonya ndani ya saa moja. Kuna safu ya chuchu, imejazwa na mwenyekiti, nimeihakiki.

Nimeongeza safu moja ambayo mwanao hakuwa nayo. Nimeiita taya. Nimeyapitia yote kwa kidole changu mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, siku ya kuzaliwa. Yote yamekutana sawasawa.

Mbuzi wangu alizaa mapacha na maziwa yanatosha. Mjukuu anakunywa hadi analala na kikombe. Mwezi wa Mei nilikudanganya, na wewe Machi ulinidanganya, basi tuliache hapo hilo.

Wanachama watatu wamerudi. Walikuja na maneno mengi, nikawapa fagio wafagie banda kwanza.

Saa moja asubuhi Karani anakuja kusimama mbele ya mlango wangu. Nikitoka na beseni ananitazama kwa muda, kama mtu aliyetarajia mwingine. Halafu anakula.

Katibu

*

Bondeni
1 Machi

Mama Katibu,

Taarifa nimeipokea. Nimeinakili yote kwenye daftari lake. Mwandiko wangu ni mkubwa kuliko wake, kwa hiyo kurasa zitaisha mapema, nitanunua lingine. Safu ya taya nimeichora na mimi.

Ile aproni ya kijani nimeifumua. Vipande nimevirudisha kwenye koti. Limepungua mgongoni kidogo, lakini linaning'inia. Saa moja asubuhi mlango wa chumba chake hauna mtu wala mbuzi. Mama yake ameanza kuufungua mchana, hewa iingie. Gauni lake nimelimaliza. Amesema mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, nami nimepima, ni kweli.

Sindano ameshajaa mwili. Sitampeleka kwa dume hadi afikishe uzito ulioandikwa.

Sasa sikiliza, Mama Katibu. Binti za Karani wa kwanza hapo kwenu watatimiza miezi mitano tarehe 12 Julai. Kabla ya siku hiyo aondoke. Huku kwetu asirudi, hapa kila jike ni binti yake au alishazaa naye. Kuna kikundi kingine cha ng'ambo ya mto wamewahi kumwandikia binti yangu, nimewajibu mimi, nitamfuata mwenyewe kwenu na kuwapelekea. Ikiwa nitawaandikia kwamba ana kidonda, au mvua, au lolote, msinisikilize. Mtoeni.

Dereva anakuletea mzigo. Ni aproni ya Karani, ya turubai jipya, aianze mwezi wa Mei, maana wengine hukomaa mapema. Ni inchi ishirini na mbili. Nimepima mara mbili, na mama yake akapima mara ya tatu. Inaburuta. Itachafuka, itanasa miiba, na mwenyekiti atasema fundi amezeeka. Imekaa vibaya sana.

Msiipunguze.

Fundi cherehani,
baba wa marehemu Daktari